Kutoka Shelui Hadi Budapest: Nani Mwenye Ngoma?

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii waliishiwa fedha. Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari, meli za kutoka kwao hazipiti, na askari wanataka mishahara. Wakafanya nini? Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, jirani na Shelui, mkoani Singida. Ikapelekwa Tabora, na mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli, ikapigwa kuwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja tembo, upande wa pili tai wa dola yao na jina la koloni lao. Leo wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani wanaitafuta kwa bei kubwa na wanaiita sarafu ya Tabora. Jina la Sekenke halimo. Jina la mtu aliyeingia shimoni kuichimba ndiyo usiseme.

Nimeanza na dhahabu lakini leo sina habari ya madini. Nataka tuzungumze kuhusu ngoma. Kuna swali limekuwa likinizunguka kichwani kwa muda mrefu: ngoma ikichukuliwa kijijini, ikaandikwa kwenye karatasi, ikapangwa upya, ikarekodiwa na kuuzwa, inakuwa mali ya nani? Ya aliyeipiga, ya aliyeiandika au ya mwenye kinasa sauti? Usikimbilie kujibu. Twende na historia kwanza.

Wengi wetu tuliopita sekondari na chuo tunapolisikia neno "klasiki" tunawaza vinanda na fidla, wazee wenye mawigi, na watu wamekaa kimya ukumbini kama wapo msibani. Ngoma tunaiweka upande mwingine kabisa: sherehe, mbio za Mwenge, kumpokea mgeni wa serikali uwanja wa ndege. Tumefundishwa kuwa ule ni muziki na hizi ni ngoma. Lakini hata hao wenye klasiki yao waliacha kuamini hivyo karibu miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1930 huko Cuba, mtunzi mwenye damu ya Kiafrika aitwaye Amadeo Roldán aliandika vipande viwili kwa ajili ya ala za kupigwa peke yake. Hakuna fidla, hakuna tarumbeta. Ni ngoma na ala nyingine za kugonga na kutikisa za watu wa kisiwa kile, nyingi zikiwa na asili ya huku kwetu Afrika. Muda si mrefu, mwaka 1931, Mfaransa Edgard Varèse akamaliza kazi yake aliyoiita Ionisation, yenye wapigaji 13 na ndani yake ving'ora viwili kama vile vya gari la zimamoto. Ilipopigwa New York mwaka 1933, watu waliozoea fidla hawakujua wacheke au wakasirike.

Mwaka 1939 Mmarekani John Cage akaandika kazi kwa wapigaji sita, na miongoni mwa vyombo alivyowapa kulikuwa na dramu za breki za magari. Ndiyo, dramu za breki, zile ambazo fundi wako akizitoa anazitupa nyuma ya gereji. Nilipolisoma hili nilicheka, kwa sababu mimi na wewe tumekua tukiamshwa na muziki wa namna hiyo. Shule yako ya msingi kengele yake ilikuwa nini? Si rimu la lori limening'inizwa kwenye mwembe, na kiranja wa zamu ana kipande cha nondo mkononi? Na kila kiranja alikuwa na mpigo wake. Wa kwetu ungemtambua ukiwa bado uko bombani unajaza ndoo. Cage alifanya hivyo akaingia vitabuni. Kiranja wetu alifanya hivyo akaambiwa asicheze na mali ya shule.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1962 mjini Strasbourg, Ufaransa, likaanzishwa kundi la wapigaji sita, Les Percussions de Strasbourg, na watunzi wakubwa wakaanza kuliandikia kazi. Sasa mtu aliweza kuishi maisha yake yote kwa kupiga ngoma, vyuma na mbao katika kumbi za klasiki.

Mwaka 1970 Mmarekani mwingine, Steve Reich, akafunga safari kwenda Ghana. Alikaa wiki chache Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, akijifunza ngoma za Waewe kwa mwalimu aitwaye Gideon Alorwoyie. Malaria ikamrudisha nyumbani kabla ya wakati, kama ilivyowahi kuwarudisha wageni wengi. Mwaka 1971 akamaliza kazi aliyoiita Drumming, yaani upigaji ngoma, inayoweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Grammophon, ambayo jina lake katika klasiki ni kama Simba na Yanga katika mpira wetu, ikaitoa kwenye santuri mwaka 1974. Reich mwenyewe amekuwa akieleza wazi kuwa hakutaka kuiga sauti za Afrika. Alichovutiwa nacho ni namna ya kufikiri: mifumo miwili au mitatu inayokwenda pamoja, kila mmoja na mwanzo wake. Kwa haki lazima niseme kuwa alimtaja mwalimu wake. Si wote waliofanya hivyo.

Sasa turudi nyumbani, Afrika Mashariki. Mwaka 1984 vijana wa Hungaria walianzisha kundi la wapigaji mjini Budapest. Limekuwa moja ya makundi yanayoheshimika sana duniani kwa muziki wa aina hii. Limerekodi kazi za Cage, na Reich huyo huyo na mtunzi mkubwa wa kwao, György Ligeti, wameliandikia kazi mpya. Unajua wanajiitaje? Amadinda. Jina hilo si la Kihungaria. Ni Kiganda. Ni marimba makubwa ya Buganda, mbao 12 zimelazwa juu ya migomba miwili, zikipigwa na watu watatu.

Ningependa uelewe amadinda inavyofanya kazi, maana ndiyo ufunguo wa yote nitakayosema. Mpigaji wa kwanza anapiga mfululizo wake kwa mwendo ulio sawa, bila kuyumba. Wa pili, aliyekaa upande wa pili wa mbao zile zile, anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila moja katika nafasi iliyoachwa wazi. Ni kama meno ya zipu. Wa tatu anashughulika na mbao mbili za mwisho peke yake, anaokota baadhi ya sauti zilizokwisha pigwa na kuzirudia juu. Kasi inakuwa kubwa mno na sikio lako linachanganyikiwa. Unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati ya wale watatu anayeupiga. Upo kwa sababu wote watatu wapo. Akiondoka mmoja, humsikii aliyebaki akipiga theluthi mbili za wimbo. Husikii wimbo kabisa.

Mganda Joseph Kyagambiddwa aliandika muziki huu kwenye kitabu chake mwaka 1955, kabla wageni wengi hawajaujua. Muaustria Gerhard Kubik alikuja Kampala mwaka 1959 na kujifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri la Kabaka. Alianza kwa kukaa chini na kupiga, kisha akaandika mifululizo kwa tarakimu. Kwa njia hiyo, na kwa njia ya wanafunzi wengine wa Muyinda, amadinda ikaingia kwenye madarasa ya muziki ya Ulaya, na mwishowe ikafika Budapest.

Ndani ya kasri lile la Mengo kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, entenga. Ngoma 15. Kati ya hizo, 12 zilikazwa ngozi kila moja kwa sauti yake, kubwa hadi ndogo, hata ukaweza kupiga juu yake nyimbo zile zile za amadinda. Watu wanne walipiga hizo 12, na wawili wakapiga tatu zilizobaki. Jumla watu sita. Hesabu hiyo ndiyo ya Strasbourg ya 1962 na ndiyo ya Cage ya 1939, ila hawa walikuwa wakimpigia Kabaka, na hakuna aliyewaita klasiki.

Mwaka 1950, na tena 1952, Muingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alipita Uganda na mashine zake akarekodi muziki wa kasri, entenga ikiwemo. Mwaka huo wa 1950 alizunguka pia Tanganyika. Aliwarekodi Wagogo na Wahaya pamoja na watu wengine wengi. Huyu bwana alikuwa na mtindo wake. Alishika kipaza sauti mwenyewe, akakisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa mpigaji, kama mpiga picha anayetafuta sura. Na kwa kuwa upande mmoja wa santuri za siku zile ulibeba kama dakika tatu, ngoma iliyozoea kupigwa usiku kucha ilibidi iishe ndani ya dakika tatu. Unaona? Hata kabla mtunzi hajaigusa, kinasa sauti kimekwisha kuipanga upya. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika, ambayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalivamia kasri la Mengo. Kabaka Mutesa alitoroka. Mwaka uliofuata falme zikafutwa na wapigaji wakatawanyika vijijini. Ufalme wa Buganda uliporudishwa mwaka 1993, entenga haikurudi nayo. Wapigaji wengi walikuwa wamekwisha kufa. Katika miaka ya 2010 Waganda walipoamua kuifufua, walikuwa na rekodi za Tracey na wazee wachache mno waliokumbuka. Kwa hiyo kinasa sauti kilichoikata ngoma kwa dakika tatu ndicho hicho hicho kilichosaidia isipotee. Ndiyo maana nakuomba usiharakishe kuwagawa watu hawa kuwa wezi na wakombozi. Mara nyingi mtu mmoja ni vyote viwili siku ile ile.

Na sisi Watanzania? Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akilihutubia Bunge kwa mara ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, alizungumzia jambo hili bila kupepesa macho. Alisikitika kwamba wasomi walifundishwa kucheza dansi za Wazungu huku hawajui wala hawajasikia gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama. Akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa kilichokusanya wapigaji na wachezaji kutoka pembe mbalimbali za nchi. Kikundi hicho kilipofikia mwisho wake, mwaka 1981 kikazaliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 tunakiita TaSUBa.

Watu wengi hawakitazami kikundi kile kama kazi ya utunzi, lakini ndicho kilichofanya utunzi mkubwa kuliko wote. Fikiria. Ngoma ya kijijini haina hadhira. Kuna duara, na kila aliyefika ni mchezaji. Inaanza jua likitua na inakwisha watu wakichoka. Sasa inaletwa jukwaani mbele ya Rais wa nchi rafiki. Duara linafunguliwa kuwa mstari ili mgeni asione migongo. Saa sita zinakuwa dakika sita. Msondo wa pwani unasimama karibu na ngoma za bara ambazo hazijawahi kukutana tangu dunia iumbwe, na mtu mmoja anatakiwa kuamua nani aanze na nani anyamaze. Kuamua huko Wazungu wanakuita kupanga muziki, na mwenye kupanga anaandikwa jina na kulipwa. Kwetu tuliandika "ngoma ya asili" tukaishia hapo. Asili haina jina, haina akaunti benki.

Aliyefanikiwa kutoka na jina lake ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyeitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu na baadaye akawa Bagamoyo. Marimba yake ya mkononi, ilimba, na zeze lake vilimfikisha kwenye kampuni ya Real World ya Uingereza, iliyotoa Chibite mwaka 1996 na Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook, mwaka 2002. Alifariki Desemba 2003. Lakini Zawose alikuwa mmoja. Wagogo wanawake wanaopiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, wapo wengi, na kama huwajui, hujui moja ya makundi bora ya wapigaji nchini. Mtunzi na mtafiti wa Hispania, Polo Vallejo, aliwafuata Wagogo kwa miaka mingi, akaandika muziki wao nota kwa nota, na mwaka 2011 filamu yake na wenzake kuhusu kijiji cha Nzali ikatoka.

Vallejo anatoka kwenye shule ya mtafiti Simha Arom, aliyefanya kazi Jamhuri ya Afrika ya Kati. Arom aligundua njia ya werevu sana. Ukirekodi ngoma tano zikipigwa pamoja, huwezi kujua nani anapiga nini, maana kubwa inameza ndogo. Basi alirekodi wote kwanza, kisha akamvalisha mpigaji mmoja vifaa vya kusikilizia masikioni, akampigia ile rekodi, na kumwomba apige sehemu yake peke yake juu yake. Kisha wa pili, wa tatu, hadi wote. Leo kila studio ya Sinza inafanya hivyo na haijui kwamba miaka ya 1970 ilikuwa habari mpya msituni. Lakini angalia sharti lake: ili njia hiyo ifanye kazi, lazima wapigaji wote wawepo.

Hapo ndipo ninapofika Shelui.

Gazeti lilinituma huko kufuatilia habari za wachimbaji wadogo. Unaposafiri kwa basi kutoka Singida kwenda Mwanza, unateremka mlima Sekenke, ule uliotajwa sana kwa ajali kabla ya lami, na chini yake ndipo Shelui ilipo, malori yamejipanga, kuku wa kukaanga na karanga zinauzwa madirishani, na mbele yako tambarare ya Wembere imenyooka hadi macho yanachoka. Ni njia panda ya watu. Wenyeji ni Wanyiramba, lakini Wasukuma na mifugo yao wapo, Wanyaturu wapo, Wanyamwezi hawako mbali. Mahali pa namna hiyo ngoma hazikai bila kuazimana.

Kazi ya gazeti ilipokwisha nilielekezwa kwa wazee wawili wapigaji. Nilikwenda na kinasa sauti, betri mpya, na maneno mazuri ya mjini kuhusu kuhifadhi urithi. Niliwaamkia, nikakaribishwa kigoda, tukaongea mambo ya mvua. Kisha nikauliza swali la mwandishi.

"Babu, hii ngoma mnayopiga nani aliitunga?"

Mzee akanitazama. "Unauliza wimbo au unauliza ngoma?"

"Kuna tofauti?"

"Wimbo una mwenyewe. Huu wa jana mwenyewe alikufa, mke wake yupo, ukitaka kuutumia nenda kamwombe. Ngoma mwenyewe ni sisi tuliopo. Tusipokuwepo, haina mwenyewe kwa sababu haipo."

Nikaomba wanipigie nirekodi. Wakatazamana. Mzee wa pili, aliyekuwa kimya muda wote, akasema hapana. Ngoma zao ni tatu. Anayepiga ile ndogo ni kijana, ameondoka kwenda Geita kutafuta dhahabu na hawajui atarudi lini. Nikasema si neno, pigeni hizo mbili, nami nitaeleza kuwa ya tatu haipo.

"Mwanangu," akasema, "ukirekodi leo utarekodi kilema. Na huko utakakokipeleka watasema watu wa Shelui ndivyo wanavyopiga."

Mzee wa kwanza akaona nimenyong'onyea. Akamwita mjukuu wake, binti wa kama miaka kumi, akamwonyesha mahali pa kupiga makofi. Wao wakaanza, taratibu. Mapigo mawili yalikuwa yakipishana, na masikioni mwangu yalikuwa yanachechemea kweli. Yule binti alipoingiza makofi yake katikati, kitu kikafunguka. Ngoma kubwa niliyokuwa nikiisikia tangu mwanzo ikahama. Nilidhani inaanza hapa, kumbe inaanza kule. Wazee hawakuwa wamebadilisha chochote. Nilikuwa nimesoma kuhusu amadinda kwa miezi, na sikuwa nimeelewa mpaka makofi ya mtoto yaliponielewesha. Nilikiacha kinasa sauti kikiwa kimezimwa, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa hapana.

Jioni, karibu na stendi, kijana mmoja mwenye studio ya chumba kimoja alinichezea midundo yake. Kompyuta, spika mbili, maboksi ya mayai ukutani. Mdundo mmoja ulinisimamisha. Alikuwa amechukua sekunde chache za ngoma ya harusi aliyoirekodi kwa simu, akazikata na kuzizungusha, akaweka besi juu. Ngoma ndogo ilisikika wazi ndani yake. Nikamuuliza nani anapiga. Hakujua. Harusi ya nani? Hakukumbuka. Faili lenyewe lilikuwa na jina moja tu: ngoma2.

Simlaumu. Ana kipaji na anatafuta ugali wake. Lakini huenda yule wa Geita, ambaye bila yeye wazee wanasema ngoma haipo, yupo ndani ya kompyuta ile anazunguka bila jina. Na kama si yeye ni mwingine kama yeye. Hakuna Mzungu hapo. Hakuna Deutsche Grammophon. Ni sisi kwa sisi, hatua mia chache kutoka nyumbani kwa wazee.

Kwa hiyo nimeanza kuchoka na lile jibu letu jepesi kwamba Wazungu wametuibia ngoma. Reich alimtaja Alorwoyie. Wahungaria walijipa jina la Amadinda, na ukiwauliza asili yake watakuambia Uganda. Miaka ya 2010 maktaba ya Tracey ilishirikiana na wanamuziki wa Kenya kuwarudishia Wakipsigis rekodi walizorekodiwa mwaka 1950, na baadhi ya waliorekodiwa wakiwa vijana walizisikia wakiwa wazee. Hayo yaliwezekana kwa sababu moja isiyo na fahari yoyote: kuna mtu alikaa akaandika kwenye kadi mahali, tarehe, kabila, ala na majina. Pale ambapo jina la mpigaji halikuandikwa, hakuna wa kurudishiwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi na inatambua kuwa si mali ya kuokota. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye faili linamwita ngoma2.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Tumezoea kufikiri kwamba ngoma za namna hii zinakufa wazee wanapokufa. Wazee wa Shelui wako hai, mikono yao ina nguvu, na ngoma imekwisha kusimama kwa sababu kijana mmoja amepanda basi la Geita. Entenga ilihitaji watu sita na bunduki za jeshi kuinyamazisha. Hii ilihitaji nauli tu. Muziki uliojengwa kwa kupishana hauachi nusu yake ukae kusubiri.

Wenzetu wa kumbi za klasiki walilitatua hilo kwa karatasi. Mpigaji wa tatu wa Strasbourg akiugua, anaitwa mwingine, anawekewa nota mbele, kesho onyesho linaendelea. Sisemi tuwapelekee wazee wa Shelui nota. Kubik alitumia tarakimu tu, 1 hadi 5, na Waganda wenyewe wakaweza kuzisoma. Yule binti wa miaka kumi alijifunza kwa kuonyeshwa mara mbili. Kuna walimu wa sekondari katika kila kata ya Iramba, kuna wahitimu wa TaSUBa wasio na ajira, kuna simu zenye uwezo wa kurekodi kuliko gari zima la Tracey. Mtu mmoja akikaa na wapigaji watatu kwa siku mbili, akarekodi wote pamoja kisha kila mmoja peke yake, akaandika jina la kila mkono, na nakala ikabaki shuleni pale pale kijijini, basi kijana wa Geita akichelewa kurudi kutakuwa na mtu wa kukaa kwenye ngoma yake. Na siku atakayokuja mtunzi, awe wa Budapest au wa chumba cha stendi, ataonyeshwa mlango wa kubisha hodi.

Yule kijana wa studio nilimwacha na ombi moja. Abadilishe jina la faili. Aliniambia atauliza nyumba ya harusi ilikuwa ya nani. Nimempigia simu mara mbili tangu hapo, na mara ya pili alikuwa amekwisha pata jina la bwana harusi. Bado anamtafuta mpigaji.

Wewe unayesoma hapa, nyumbani kwenu ngoma ni ngapi, na ya tatu inapigwa na nani? Kama unalijua jina lake, liandike mahali leo. Kama hulijui, bibi yupo, mpigie.